Jembe la Kwenye Televisheni

Jumamosi ile kipindi kilipoonyeshwa, Mkumbi nzima ilihamia dukani kwa Pankras. Si nzima kweli, lakini waliobaki nyumbani walikuwa wagonjwa au wana ugomvi na Pankras. Ilikuwa saa kumi alasiri, mvua imekatika kidogo, na Pankras alikuwa ameitoa televisheni yake chumbani na kuiweka juu ya magunia ya mbolea ili kila mtu aone. Kiti cha mbele, chenye mto, aliwekewa Egidi Ndunguru, mkulima wa kahawa na maharage, mwenyekiti wa jumuiya, na kuanzia saa hiyo mtu wa televisheni. Mkewe Walburga alikaa mkekani na wanawake wenzake, ungo wa maharage ya mbegu mapajani, maana hata siku ya sherehe mbegu hazijichambui zenyewe.

Muziki ulipigwa, milima ikapita, kisha akatokea Egidi amevaa kofia mpya ambayo hakuna aliyewahi kuiona kichwani kwake.

"Ngolo hizi nalima mimi mwenyewe," alisema Egidi wa kwenye televisheni. "Ni urithi wetu."

Mkekani mtu alikohoa.

Asiyetoka Umatengo aelezwe kidogo. Ngolo ni mashimo. Milima yetu ni mikali, na mvua ikija inataka kuondoka na shamba. Kwa hiyo mwanaume anafyeka nyasi, anazilaza kwa mistari inayokatana hadi mteremko wote unakuwa wa miraba, na hapo kazi yake imekwisha, anaweza kwenda kunywa. Mwanamke ndiye anayeingia na jembe. Anachimba katikati ya kila mraba na kufunika nyasi kwa udongo pande zote nne, akianza na upande wa juu, kwa sababu maji yanatokea juu. Maharage yanakaa kwenye matuta, maji yanabaki shimoni. Mwanaume wa Kimatengo anaweza kuishi miaka sabini katikati ya ngolo bila kuchimba hata moja, na wala hakuna anayemshangaa.

Sasa Egidi alikuwa anachimba mbele ya nchi nzima. Alisimama upande wa chini, akawa anavuta udongo kuelekea miguuni kwake kwa nguvu nyingi, na nyasi za juu zikabaki wazi kabisa.

"Jamani, anachimba choo!" alisema mwanamke mmoja, na mkeka mzima ukaangua kicheko. Wanaume nao wakacheka. Pankras alicheka mpaka akashika magunia. Walburga aliziba mdomo kwa kanga, lakini mabega yalimsaliti.

Kisha picha ikasogea karibu, ikaonyesha mikono miwili inapanga udongo juu ya nyasi, vizuri, kwa haraka, bila kukosea. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa kimepinda. Kidole kile kila mtu alikijua, kilivunjika Walburga alipoteleza na debe la kahawa. Mikono ilikuwa ya Walburga, sauti iliyosimulia ilikuwa ya mumewe: "Mimi huwa naanza hapa." Kicheko kikapungua. Mwishoni akaonekana Walburga mzima, amevaa kitenge cha kanisani, anamimina chai kutoka kwenye chupa, na chini yake maandishi: *Mke wa mkulima*. Pankras aliyasoma kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma.

Walburga alikuwa ameona wanawake wengi katika televisheni ile ya Pankras. Wa sabuni, wanaofurahia shati jeupe la mume. Wa mafuta ya kupikia. Wa tamthilia, wanaolia kuanzia mwanzo hadi matangazo. Wanaosoma habari, midomo imepakwa rangi. Aliyeshika jembe hakuwahi kumwona, na asubuhi ile watu wa televisheni walipokuja kurekodi, alipovaa gauni lake la shamba, alifikiri angekuwa yeye. Aliinamia ungo wake akaendelea kuchambua.

*

"Ulicheka," alisema Egidi walipofika nyumbani.

"Watu wote walicheka, Baba Winnie."

"Wewe ni mke wangu."

"Mke wa mkulima," alisema Walburga, akaweka ungo chini. Hakulisema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma Egidi.

Egidi hakuwa mtu mbaya. Hakuwahi kumpiga mkewe, pesa ya kahawa walikaa mezani wakapanga pamoja, na binti yao Winnie alipotaka kusoma ualimu aliuza ng'ombe bila kunung'unika. Lakini siku ile walipokuja watu wa televisheni, yule dada mwenye kipindi, Devotha, alimwangalia Walburga aliyekuwa tayari shambani, ameshaanza kurekodiwa akichimba, akamwangalia Egidi, akasema, "Baba, jembe shika wewe. Mama atapendeza zaidi na chai." Na Egidi akalishika. Hakulazimishwa wala hakuulizwa mara mbili. Alichokumbuka sasa, na kilichomnyima raha ya kuwa mtu wa televisheni, ni kwamba lilikuwa bado na joto la mikono ya mkewe.

"Yule dada ndiye aliyenipa," alisema.

"Ungelirudisha."

*

Simu kutoka Tingi ilikuja Jumanne. Aliyepiga alikuwa Celestina, bwana shamba wa mradi mmoja wa kilimo huko Wilaya ya Nyasa. Ndivyo wakulima wanavyomwita, bwana shamba, ingawa ni mama wa watoto wanne. Alikuwa amekiona kipindi. Alisema milima yao ya Tingi inaisha, kila mvua inashusha udongo kuelekea ziwani, na ana kikundi cha wanawake thelathini na wawili wanaotaka kujifunza ngolo msimu huu huu, kabla mvua haijakatika.

"Tunakuomba wewe, mwalimu," alisema.

Mwalimu! Egidi alijiona ananyooka mgongo. Walburga alikuwa karibu, anaanika sufuria, na simu ya Egidi ina sauti kubwa kuliko mwenyewe. Alisikia kila neno.

"Nije?" aliuliza mkewe simu ilipokatwa.

Hapo palikuwa na mlango uliofunguliwa wazi. Egidi angesema njoo, na hadithi hii isingekuwepo. Lakini alifikiria wanawake thelathini na wawili wanavyomtazama Walburga akichimba, kisha wanamgeukia yeye na kukumbuka kofia yake.

"Kuku atawafungia nani?" alisema.

Walburga akaingia ndani. Jumatano alfajiri alimfungia viazi vya kuchemsha na karanga, akampigia pasi shati, akamsindikiza hadi barabarani. Hakumwambia neno lolote kuhusu upande wa juu.

*

Shamba la kufundishia Tingi lilikuwa la Benadetha, mjane mwenye watoto watatu. Wengine walisitasita kutoa mashamba yao, yeye akalitoa lake, ndilo lenye mteremko mkali kuliko yote na ndilo pekee alilokuwa nalo. Alikuwa ameshafyeka nyasi mwenyewe, kwa kuwa hakuwa na mwanaume wa kufyeka, na mbegu za maharage amezibeba kiunoni kwenye kanga.

Nyasi Egidi alizilaza vizuri kabisa. Ile ilikuwa kazi yake, na kwa saa mbili za mwanzo alikuwa mwalimu kweli, anaeleza kwa utulivu, wanawake wanauliza, anajibu. Kisha ukafika wakati wa jembe. Alisimama upande wa chini, kama alivyosimama kwenye televisheni, akaanza kuvuta.

Alijua kwamba hafanyi sawa. Tangu alipochekwa alijua, ila hakujua sawa ni ipi. Miaka thelathini na moja amepita kando ya mkewe akichimba, na hakuwahi kusimama kutazama.

"Mwalimu," aliuliza Benadetha, daftari mkononi, "na huku juu nyasi hatuzifuniki?"

Wanawake thelathini na wawili walimtazama. Egidi alifuta jasho.

"Hizo zinaachwa zipumue," alisema.

Wakaandika. Celestina naye, na diploma yake, aliandika: nyasi za juu zinaachwa zipumue. Kisha wakaingia shambani wote pamoja, na hadi saa tisa mteremko mzima wa Benadetha ulikuwa umechimbwa namna ile, matuta matatu imara kwa kila shimo na la nne uchi. Maharage yakapandwa. Walikubaliana wangoje siku kumi waone, halafu Jumatatu itakayofuata kila mmoja aanze kwake.

Walimpa Egidi usipa, dagaa wakavu wa ziwani, mfuko uliojaa, na pakti ya majani ya chai. Benadetha alimshika mkono kwa mikono yake miwili akapiga goti kidogo.

"Umewafundisha nini?" aliuliza Walburga jioni, akikaanga usipa ule.

"Kama tunavyofanya."

"Tunavyofanya nani?"

Egidi alisema anaumwa kichwa.

*

Mvua kubwa ilinyesha siku ya tisa. Huku Mkumbi iliyajaza mashimo ya Walburga hadi mdomoni na asubuhi yakawa yanang'aa yote mlimani, hakuna tuta lililokatika. Egidi alisimama mlangoni akiyatazama, na chai yake ikapoa.

Simu ililia saa tatu.

"Shikamoo mwalimu. Ni Benadetha wa Tingi."

"Marahaba, mama. Hamjambo?"

"Hatujambo, ila shamba limeondoka." Alilisema kwa adabu, kama mtu anayeomba radhi kwa kuchelewa ibada. "Maji yalipita pale juu. Shimo la kwanza lilipopasuka likamwagia la pili, la pili la tatu, mpaka bondeni. Maharage yalikuwa yameshaota, mwalimu. Yote yako mtoni."

Egidi aliweka kikombe chini.

"Nimepiga nikuombe msamaha," aliendelea Benadetha. "Nadhani ni mimi. Nyasi zangu nilizifyeka zikiwa mbichi mno, labda hazikupumua vizuri. Wenzangu wanasema nimetia mkosi somo lako. Sasa Jumatatu wao wanaanza kwao, nikasema nikuulize. Waziongeze nyasi za juu, ili zipumue zaidi?"

Mbegu alizozipanda ndizo ambazo yeye na watoto wake wangezila. Hakulisema hilo, lakini Egidi ni mkulima, alilisikia.

"Tutazungumza," alisema, akakata simu. Akaketi kwenye kizingiti. Aliona aibu kwa namna ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe, kwa sababu kuchekwa dukani kwa Pankras kulikuwa ni kuchekwa tu, na hapa palikuwa na watoto watatu.

*

Egidi hakuanza kwa kumpigia Celestina. Alimpigia Devotha. Mtu mwenye hatia hutafuta kwanza wa kugawana naye.

"Mnitangaze kwamba nimekosea," alisema. "Semeni kwenye televisheni kwamba mlinipa jembe lisilo langu."

"Baba, pole," alisema Devotha. Nyuma yake zilisikika kelele za ofisi, kisha mlango ukafungwa na kelele zikapungua. "Kusahihisha hatusahihishi, labda mtu ashitaki. Na kipindi kinarudiwa Alhamisi."

"Kinarudiwa!"

"Kimependwa. Baba, nikwambie kitu. Mimi nilisoma taarifa ya hali ya hewa kwenye televisheni miaka sita. Kila siku naambiwa nguo gani nivae. Nilipoomba kipindi cha kilimo walicheka. Nilipokipata, nikaambiwa mkulima awe na sura ya mkulima, mtazamaji asichanganyikiwe. Mwezi uliopita nilipewa kazi ya kupitia kanda zetu za zamani, tangu mwanzo wa kituo, kwa ajili ya maadhimisho. Nikawa natafuta mwanamke shambani anayeongea. Wapo wengi wanaolima, wanapalilia, wanabeba. Lakini kila mmoja akifungua mdomo, sauti inazimwa, inaingia ya mwanaume anaeleza wanachofanya. Nilikasirika sana. Nikaandika hata barua kwa mkuu."

"Halafu ukaja Mkumbi."

"Halafu nikaja Mkumbi," alisema Devotha, "nikafanya vilevile, kwa mkono wangu, wala hakuna aliyenisimamia."

"Mke wangu mlimrekodi akichimba. Wekeni hiyo Alhamisi."

"Dakika arobaini. Kadi ya kamera ilijaa, tukabakiza ile ya mikono tu, nyingine tukazifuta ili tupate nafasi ya kukurekodi wewe."

Egidi alitaka kumtukana. Akajiuliza amtukane kwa lipi ambalo yeye hakulifanya, akashindwa. Waliagana kama watu waliokutana mahakamani upande mmoja.

*

Walburga alikuwa nyuma ya nyumba anamwaga maganda ya kahawa. Egidi alimweleza yote amesimama, bila kuketi, bila kujitetea, ila alipofika kwenye nyasi zinazopumua ilibidi aanze tena.

"Ulisema zinapumua?"

"Nilisema."

"Nyasi?"

Angecheka, angalau Egidi angepata pa kupumzikia. Walburga hakucheka. Uso wake ulikuwa umebadilika, akawa anaangalia chini, na Egidi alidhani ni hasira.

"Leo ni Ijumaa," alisema Walburga. "Udongo bado una maji wiki moja na nusu. Maharage yaliyopandwa wiki hii yanawahi, kwa shida. Kesho tunakwenda."

"Nitampigia Celestina nimweleze kwa simu—"

"Utamweleza kwa mdomo, wakikutazama." Aliingia stoo, akatoka na debe zima la mbegu, zile nyekundu alizozichambua mwenyewe, akaziweka miguuni pa mumewe azibebe.

"Na kuku?" aliuliza Egidi, kabla hajafikiri.

Walburga alimtazama. Egidi akainama akabeba debe.

*

Celestina aliwakusanya wanawake Jumamosi saa nne shambani kwa Benadetha, au mahali palipokuwa shamba. Mteremko ulikuwa umechanwa kutoka juu hadi chini, mawe yametokeza, na hapa na pale mche mmoja wa haragwe umeshikilia udongo usio wake. Watoto wa Benadetha walikuwa bondeni wanaokota maharage kwenye matope, moja moja, kwa ajili ya kula.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema Egidi.

"Milele amina, mwalimu," walijibu.

"Msiniite mwalimu." Alivua kofia. Si ile ya televisheni, ile ya kila siku. "Mimi sijawahi kuchimba ngolo. Kwetu wanachimba wanawake. Nilipewa jembe nikapigwa picha, nikajisikia vizuri, nikaacha iwe hivyo. Mlipoita, nilijua siwezi, nikaja. Mama huyu aliniuliza kuhusu nyasi za juu, nikatunga. Nyasi hazipumui. Zinafunikwa, tena ndizo za kwanza kufunikwa. Mama Benadetha, wewe hukukosea chochote. Shamba lako nimelivunja mimi."

Celestina alifunga daftari lake polepole, uso ameuinamisha. Wanawake wawili watatu walinong'ona kwa Kimpoto, lugha yao ya huko. Egidi alikuwa amejiandaa kutukanwa, hata kupigwa, na angefurahi.

"Aliyechimba zile za kweli ni huyu," alisema. "Mke wangu. Anaitwa Walburga Kapinga."

Alilitaja jina kwa sauti kubwa, akidhani hapo angalau amelipa kitu. Wanawake walimgeukia Walburga na nyuso zao zikalegea. Mmoja alitabasamu. Ilikuwa wazi sasa nani ameonewa na nani amekosa, na wote walikuwa tayari kumpokea.

Benadetha peke yake hakutabasamu. Alimsogelea Walburga, akamtazama kwa makini, kama anayesoma maandishi madogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Kile kipindi ulikiona?"

"Nilikiona."

"Uliona kwamba anakosea?"

"Niliona. Tulicheka sana."

"Na siku alipokuja huku, ulijua anakuja kufundisha?"

Egidi alifungua mdomo ili aseme kwamba yeye ndiye aliyemkataza mkewe asije, kwamba aliomba akanyimwa. Walburga alimwinulia mkono, amwache ajibu mwenyewe.

"Nilijua," alisema. "Nilimpigia pasi shati."

"Sasa mama, ulifikiri atatufundisha nini?"

Bondeni mtoto alimwita mwenzake aje aone maharage mengi yaliyokwama kwenye mzizi. Walburga alisikia, na Benadetha alisikia. Walburga alikuwa na majibu mengi ya haki, na wanawake wote waliokuwa pale wangeyakubali. Aliyapitia yote akayaacha.

"Nilifikiri ataaibika," alisema. "Nilitaka aaibike mbele ya wanawake wengi, arudi nyumbani kichwa chini. Siku zote tisa nilikuwa nangoja simu. Mvua iliponyesha nilifurahi." Machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyafuta. "Shamba ambalo lingevunjika sikulifikiria ni la nani. Wewe sikukufikiria kabisa."

Hakuna aliyesogea kumpoza. Benadetha aliangalia debe la mbegu, akaangalia mteremko wake, akaangalia mbingu upande wa ziwa ambako mawingu yalikuwa yameanza kujipanga tena. Kisha akachukua jembe lake, akampa Walburga kwa mkono mmoja.

"Tuonyeshe," alisema.

Egidi alikwenda pembeni kufyeka nyasi. Walburga alipanda hadi juu kabisa ya shamba, akainama, akaanza na tuta la juu. Wanawake walimzunguka wakitazama mikono yake, na hakuna aliyemwita mwalimu.